Msemaji wa Jeshi Husema kwa Amri ya Nani?

Tangazo la usajili wa Jeshi la Ulinzi la Kenya, KDF, likitoka, kuna swali ambalo husikika katika Kaunti ya Kajiado, kuanzia Entarara hadi Kitengela mjini: kijana aliyesomea uanahabari au mawasiliano ana nafasi jeshini? Na akiipata, atakuwa nani hasa? Wapo wanaomwona afisa huyo kama mtangazaji aliyevalishwa sare. Wapo wanaodhani ni jasusi wa kuwachunguza wanahabari. Na tangu Juni 2024, wanajeshi walipotolewa kambini kusaidia polisi wakati wa maandamano ya Gen Z, wengi wa rika la vijana hao hao wamemweka katika kundi la watu wanaolipwa kuisafishia serikali jina.

Mkanganyiko huu hautokani na ujinga. Unatokana na jinsi kazi yenyewe ilivyoendeshwa nchini kwa zaidi ya miaka kumi: mara afisa amesema kupita kiasi, mara amenyamaza kabisa, mara amesema jambo ambalo halikuwa kweli. Kajiado ina sababu ya ziada ya kulifuatilia suala hili. Mawaziri wawili waliobeba mzigo wa kulieleza taifa baadhi ya mashambulizi mabaya zaidi ya al-Shabaab, Joseph ole Lenku na marehemu Meja Jenerali mstaafu Joseph Nkaissery, ni wana wa kaunti hii.

Kazi yenyewe

Afisa wa mawasiliano ya jeshi ni mwanajeshi kwanza. Hakuna anayeajiriwa siku ya kwanza kuwa msemaji. Kadeti hupitia Chuo cha Kijeshi cha Kenya kule Lanet, Nakuru, na mlango wake wa kawaida ni matokeo ya KCSE yenye wastani wa kuanzia B. Mlango wa pili ni wa maafisa wenye taaluma, wanaoingia na shahada mkononi. Fani zinazotakiwa hubadilika, kwa hiyo mwenye shahada ya mawasiliano asitegemee alichosikia kwa jirani. Asome tangazo la mwaka huo. Mwanajeshi wa kawaida huanzia mafunzo ya makurutu Eldoret. Usajili ni bure, na kila anayedai pesa ili kumpa mtu barua ya kuitwa ni tapeli. Familia zimeuza ng'ombe kwa ajili ya barua bandia, na kijana akafika langoni Eldoret akaishia kukamatwa.

Ukitazama vyeo vya waliowahi kulisemea jeshi, utaona jambo ambalo vijana hawaelezwi. Emmanuel Chirchir alikuwa meja. Cyrus Oguna, David Obonyo na Joseph Owuoth walikuwa makanali. Huko hufiki kabla ya miaka mingi. Afisa chipukizi hufanya kazi isiyoonekana: kupiga picha za gwaride, kuandika maelezo ya picha, kuwapokea wanahabari langoni, kuandaa hotuba ya mkubwa, kutangaza kambi ya matibabu ya bure au kisima kilichochimbwa wakati wa ukame.

Uzito wa kazi huonekana siku mambo yanapoharibika. Tuseme kambi imeshambuliwa alfajiri. Kamanda aliye mbali, kama mawasiliano hayajakatika, anatoa ripoti ya kwanza. Makao makuu Nairobi yanaipima. Idara ya ujasusi ina yake ya kusema. Kuna familia ambazo hazina budi kuambiwa ana kwa ana kabla ya redio kutangaza. Kisha kuna Mkuu wa Majeshi, Waziri wa Ulinzi, na Ikulu. Afisa wetu amekaa mbele ya kompyuta akiwa na aya mbili: ya kwanza inasema shambulizi limetokea, ya pili inapaswa kusema limesababisha nini. Anaweza kuchagua vitenzi. Idadi ya waliokufa si yake kuiamua. Wakati anasubiri, al-Shabaab wana redio yao na wapiga video wao, na hao hawamsubiri mtu.

Jeshi lililozoea kunyamaza

Tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walioasi waliiteka Sauti ya Kenya na kumlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Jaribio lilizimwa, jeshi la anga likavunjwa na kuundwa upya kwa jina jingine. Somo lililobaki vichwani mwa wakubwa lilikuwa wazi: mwanajeshi na maikrofoni ni mchanganyiko wa hatari. Kwa miaka mingi iliyofuata, jeshi lilijulikana kwa gwaride la Sikukuu ya Jamhuri na kwa bendi zake, na kidogo sana kwa maelezo.

Mauaji ya raia yaliyofanywa na vikosi vya usalama huko Wagalla, Wajir, Februari 1984 yalionyesha ukimya huo unaweza kufika wapi. Kwa muda mrefu idadi rasmi ilikuwa watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilikadiria karibu watu elfu moja. Hakuna afisa wa mawasiliano aliyehusika hapo, na ndiyo maana mfano huu unafaa: ulaghai wa idadi ulikuwapo hata kabla ya kuwapo mtu wa kulaumiwa kwa kuutangaza.

Mambo yalibadilika Oktoba 2011, KDF ilipovuka mpaka na kuingia Somalia katika Operesheni Linda Nchi. Vita vya nje vilihitaji kuungwa mkono na raia, na jeshi likahitaji sauti. Tangu hapo pande tatu zimekuwa zikivutana kuhusu sauti hiyo iseme nini.

Hoja ya kwanza: neno ni silaha

Upande huu unasema vita vya leo hupiganwa kwa habari pia, kwa hiyo afisa wa mawasiliano ni mpiganaji. Meja Chirchir ndiye aliyeuvaa msimamo huu kwa ushujaa zaidi. Alitumia Twitter wakati majeshi mengi barani yalikuwa bado yanatuma faksi. Wanahabari walipata mtu wa kumuuliza, na Wakenya wa kawaida wakaweza kuvifuata vita hatua kwa hatua. Faida hiyo ilikuwa ya kweli. Kismayo ilipovamiwa Septemba 2012, Kanali Oguna alikuwa hewani mapema, na habari za jeshi zikawa sehemu ya mazungumzo ya kila mkahawa.

Lakini silaha humjeruhi hata mwenye kuishika. Mapema Novemba 2011, Chirchir alitaja kwenye Twitter miji kumi ya Somalia ambayo ingeshambuliwa. Kisha akaonya kwamba kundi kubwa la punda waliobebeshwa mizigo litahesabiwa kuwa ni shughuli za al-Shabaab, na akawasihi watu wasiwauzie al-Shabaab punda. Msomaji wa Kajiado anaelewa tatizo bila kuelezwa. Katika nchi ya wafugaji, punda waliobeba mitungi na mahema ni familia inayohama. Ni akina mama wanaorudi kutoka kisimani. Onyo lililokusudiwa kuwatenga magaidi liliwagusa watu wasio na hatia ambao hawakuwa na gari wala Twitter. Mwezi uliofuata al-Shabaab walifungua akaunti yao na kuanza kumkejeli Meja huyo kwa Kiingereza fasaha, wakitumia punda wale wale.

Januari 2012 likaja kosa kubwa zaidi. Zilisambazwa kupitia akaunti yake picha za mtu aliyepigwa mawe hadi kufa, kwa maelezo kwamba ni Mkenya aliyejiunga na al-Shabaab na kuuawa na wenzake. Wasomaji walizitambua: zilikuwa picha za mwaka 2009, zilizopigwa na mpiga picha wa shirika la habari la AP. Kwa siku moja, adui aliyekuwa akisema uongo kila wiki alipata ushahidi kwamba hata upande wa pili husema uongo. Mwaka 2014 akaunti ya KDF na ya Chirchir mwenyewe zilidukuliwa, na uwanja uliokuwa fahari ya jeshi ukawa mlango wazi.

Kasoro ya hoja hii haiishii kwenye makosa ya mtu mmoja. Ukimfanya afisa wa habari kuwa mpiganaji, atapimwa kama mpiganaji: kwa hasara anayomletea adui. Ukweli utakuwa risasi mojawapo tu, ya kutumiwa inapofaa.

Hoja ya pili: kimya huokoa maisha

Upande wa pili una uzito ambao wanaharakati huupuuza upesi mno. Septemba 2013, jumba la maduka la Westgate jijini Nairobi likiwa limezingirwa, kamera za televisheni zilikuwa nje na al-Shabaab walikuwa wakitangaza shambulizi lao mitandaoni. Kikosi kinachoonyeshwa moja kwa moja kikijipanga kuingia ni kikosi kilichowekwa hatarini. Wapo pia wazazi na wake wa wanajeshi. Mama anayemtambua mwanawe kwenye picha ya WhatsApp kabla hajabishiwa hodi na afisa na kasisi ametendewa ukatili ambao haki ya habari haiwezi kuuhalalisha.

Hata hivyo, Westgate haikufeli kwa sababu watu walisema. Ilifeli kwa sababu walisema wengi, kila mtu na lake. Ole Lenku, wakati huo Waziri wa Usalama wa Ndani, alisema washambuliaji walikuwa kati ya 10 na 15, na kwamba moshi mweusi uliotoka jengoni ulitokana na magodoro waliyoyachoma. Kamera za ndani baadaye zilionyesha washambuliaji wanne. Watu 67 waliuawa. Kamera hizo hizo zilionyesha wanajeshi wakitoka madukani na mifuko. Jeshi likasema ilikuwa na maji, kisha ikatangazwa kwamba wanajeshi wawili wamefukuzwa na kufungwa kwa wizi. Neno magodoro likawa la kutania watu kwa miaka, na mzigo wake ukamwangukia waziri aliyekuwa akikariri alichopewa. Ni haki kusema hivyo hata kwa mtu usiyempigia kura: aliyesimama mbele ya maikrofoni hakuwa ndiye aliyekuwa ndani ya jengo.

El Adde ndiyo iliyoonyesha bei ya kimya chenyewe. Alfajiri ya 15 Januari 2016, al-Shabaab waliiteka kambi ya Wakenya iliyokuwa chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, huko El Adde kusini mwa Somalia. Nkaissery, aliyekuwa amemrithi Lenku wizarani, alionya kwamba anayesambaza picha za wanajeshi waliouawa atakamatwa kama anayewaunga mkono magaidi. Mwanahabari Yassin Juma alikamatwa kwa aliyoyaandika mtandaoni. Siku 12 baadaye Rais Uhuru Kenyatta, pamoja na marais wa Nigeria na Somalia, alihudhuria ibada ya kumbukumbu Eldoret. Idadi haikutajwa. Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia ndiye aliyesema katika mahojiano kwamba walikufa kati ya 180 na 200, kauli ambayo Nairobi iliikataa bila kutoa yake. Aprili mwaka huo al-Shabaab wakatoa video ndefu ya shambulizi.

Onyo la Nkaissery kuhusu picha lilikuwa na msingi wa utu. Alikuwa mwanajeshi, na aliwajua wazazi wa wanajeshi. Tatizo ni kwamba picha na idadi vilifungwa katika kapu moja. Unaweza kuzuia picha ya maiti na bado ukatangaza hesabu. Mwaka mmoja baadaye, kambi nyingine ya Wakenya nchini Somalia, Kulbiyow, iliposhambuliwa, jeshi lilitaja idadi, wanajeshi tisa, na al-Shabaab wakadai zaidi ya hamsini. Wengi nyumbani hawakuiamini idadi ya jeshi lao. Hilo lilikuwa deni la El Adde likilipwa.

Hoja ya tatu: raia ana haki ya kujua

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaeleza njia, huku ikiweka mipaka kwa ajili ya usalama wa taifa. Februari 2015 Mahakama Kuu ilikuwa tayari imefuta vifungu vinane vya sheria ya usalama iliyopitishwa haraka Desemba 2014, kikiwamo kile kilichotishia kuwafunga wanahabari kwa kuchapisha habari za ugaidi.

Wanaoshikilia hoja hii wana mfano wa hapa hapa nchini. Tarehe 5 Januari 2020, al-Shabaab walivamia kambi ya Manda Bay, Lamu. Siku hiyo hiyo jeshi la Marekani lilitangaza kwamba Wamarekani watatu wameuawa: mwanajeshi mmoja na wafanyakazi wawili wa kandarasi. Ripoti ya uchunguzi ilichukua miaka miwili, nayo ilikiri uzembe. Wamarekani hawakuwa watakatifu. Kauli zao za kwanza zilipunguza ukubwa wa hasara. Lakini hesabu ya vifo ilitoka, na vita vyao havikuporomoka kwa kuitaja. Uingereza nayo huitaarifu familia kwanza na kuiachia muda kabla ya jina kutangazwa.

Kenya inaweza. Helikopta iliyombeba Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, ilipoanguka Elgeyo Marakwet mnamo 18 Aprili 2024, Rais William Ruto alisimama mbele ya taifa jioni hiyo hiyo na kutoa habari yote, pamoja na idadi. Hakuna aliyelilaumu jeshi kwa kusema upesi. Miezi miwili baadaye, Juni 25, wanajeshi walipelekwa kukabiliana na machafuko kwa notisi fupi ya gazeti rasmi la serikali isiyoeleza wataenda wapi, watafanya nini wala watarudi lini. Chama cha Mawakili kilikwenda kortini, na Jaji Lawrence Mugambi, ingawa hakuizuia hatua hiyo, aliiagiza serikali ieleze upeo na muda wake ndani ya siku mbili. Maelezo ambayo afisa wa mawasiliano angepaswa kuyatoa asubuhi ya kwanza yalihitaji amri ya jaji.

Udhaifu wa hoja hii ni wa kiutendaji. Idadi ya saa ya kwanza karibu kila mara huwa na makosa, na adui naye husoma. Anayedai kila kitu papo hapo atapewa uvumi wenye nembo ya serikali.

Sare au suti

Je, msemaji awe raia? Wizara ya Ulinzi imewahi kumtumia raia, Bogita Ongeri, sambamba na makanali. Raia huwaelewa wanahabari na haogopi cheo, lakini wenye sare humwamini polepole, na asiyeaminiwa haambiwi. Tanzania imeliacha jukumu mikononi mwa wenye sare, katika kurugenzi ya habari na uhusiano ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), yenye maneno machache.

Uganda ilitupa mfano wa kinyume Oktoba 2022. Jenerali Muhoozi Kainerugaba aliandika Twitter kwamba yeye na jeshi lake hawangechukua wiki mbili kuiteka Nairobi. Rais Museveni akalazimika kuwaomba Wakenya radhi. Jeshi la Uganda, UPDF, lilikuwa na msemaji rasmi, lakini msemaji hana nguvu mbele ya jenerali mwenye simu.

Goma, mashariki mwa Kongo, inaongeza jambo. Wanajeshi wa Kenya walifika huko Novemba 2022 chini ya kikosi cha Afrika Mashariki, na kufikia Februari 2023 wakazi walikuwa mitaani wakikipinga. Watu walitarajia kikosi kiwapige waasi wa M23. Kikosi kilijishughulisha na kusimamia kuondoka kwao. Hakuna taarifa kwa wanahabari, hata ingeandikwa kwa Kiswahili kitamu cha Kivu, ambayo ingeziba pengo hilo.

Kupima

Mifano hii ikiwekwa pamoja, swali la nani awe msemaji linapungua uzito. Chirchir alikuwa na kasi, na akakosa mtu wa kumzuia asitume picha isiyothibitishwa. Wasemaji wa wakati wa El Adde walikuwa na nidhamu, na wakakosa ruhusa. Jioni ya Ogolla ilikwenda vizuri kwa sababu mwenye mamlaka ya mwisho ndiye aliyeamua kusema. Ubora wa habari za jeshi letu umefuata amri ya juu kila mara, wala haukuwahi kufuata kipaji cha afisa. Ndiyo maana kubadilisha nyuso hakujatibu chochote.

Kwa maoni yangu, hoja ya tatu ndiyo yenye haki zaidi, ila haitekelezeki bila kukopa nidhamu ya hoja ya pili. Kinachohitajika ni kanuni iliyoandikwa na kupitishwa na Bunge, inayosema familia zikishaarifiwa, idadi ya waliokufa itangazwe ndani ya saa zilizotajwa. Picha za maiti zibaki zimezuiwa. Na ripoti ya uchunguzi ifike kwa kamati ya ulinzi kwa tarehe inayojulikana. Kanuni hiyo ingempa afisa kitu ambacho hajawahi kuwa nacho: sababu ya kisheria ya kumwambia jenerali kwamba hawezi kuandika idadi ya uongo. Hoja ya kwanza inabaki na nafasi ndogo, kujibu propaganda za adui kwa ukweli uliothibitishwa, na mtu wa kazi hiyo asiwe yule yule anayewatangazia raia vifo.

Je, kijana wa Entarara aende? Kama ana subira ya kufanya kazi bila jina lake kuonekana, anajua kuthibitisha kabla ya kusambaza, na ana lugha, aende. Anayezungumza Kimaasai, Kiswahili na Kiingereza, akaongeza Kisomali au Kiarabu, ana mtaji ambao jeshi la mpakani linauhitaji. Kazi ina mustakabali hata nje ya kambi. Oguna alikuja kuwa Msemaji wa Serikali mwaka 2019. Lakini ajue anachokiacha. Kifungu cha 24 cha Katiba kinaruhusu sheria kumpunguzia mwanajeshi haki kadhaa, zikiwamo faragha, kujumuika, kuandamana na haki za kazi. Aliyetembea na wenzake Kitengela na bendera begani hatatembea tena akivaa sare, na huenda siku moja akaagizwa kuandika taarifa kuhusu wale wanaotembea.

Wabunge wa Kajiado wanaweza kuanza na faili moja lililo wazi. El Adde imepita miaka mingi, mbinu za siku ile hazina tena siri ya kivita, na familia zimekwisha kuzika. Waidai wizarani idadi rasmi ya waliokufa, iliyosainiwa, na waidai ndani ya Bunge.